Tusimzike Mtu Pamoja na Habari Zake

Hotuba ya Karani wa Chama, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa



Kila mwaka karani husimama mahali hapa kuwasomea hesabu: wanachama wangapi wameingia, wangapi wametutoka, fedha kiasi gani zimetumika kwa sanda, kwa majeneza na kwa nauli za wafiwa. Hesabu hizo zimechapwa katika kurasa zinazofuata, na kila mwenye macho atazisoma. Leo Kamati imetupa ruhusa ya kusema juu ya jambo ambalo halina safu yake katika daftari la mapato na matumizi, nalo ni hili: mtu wetu anapofia ugenini, ni nani atakayeuliza amekufaje?

Hatukulichagua jambo hili kwa kupenda maneno makubwa. Limetuchagua lenyewe, na tutawaeleza jinsi lilivyotujia.

Katika mwaka huu tuliouaga, chama kilipokea jeneza moja kutoka Arabuni. Ndani yake alikuwamo binti wa mwanachama mwenzetu, mjane wa huku Mji wa Kale, ambaye kwa heshima yake hatutamtaja jina. Binti yule alikwenda kufanya kazi za nyumbani, akawa akimtumia mama yake fedha kila mwezi. Kisha simu zikakoma, na baada ya majuma kadhaa ikaja habari ya msiba. Pamoja na jeneza ilikuja karatasi yenye mhuri. Karatasi ilisema moyo ulisimama. Haikusema zaidi.

Sisi karani wenu tulikwenda uwanja wa ndege kulipokea. Tulitia sahihi mahali tulipoambiwa tutie. Gari lilikuwa tayari, kaburi la Kikowani lilikuwa tayari, na baada ya sala ya adhuhuri binti yule alikuwa amekwisha kuzikwa. Jioni Kamati ilikutana, na tukaandika katika kumbukumbu kwamba chama kimetimiza wajibu wake kwa haraka na kwa adabu. Tulijisifu, Mabwana. Maneno hayo yamo daftarini hata leo, kwa mwandiko wetu wenyewe.

Siku ya arobaini tulikwenda kutoa mkono. Baada ya dua, bibi mmoja mtu mzima, aliyekuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha marehemu, alituita kando. Akasema kwamba alipomwosha aliona alama nyeusi kuzunguka vifundo vya mikono miwili, na kwamba nyuma ya kichwa palikuwa laini, si kama inavyokuwa kwa maiti wengine, naye ameosha wengi. Tukamwuliza, kwa nini hukusema siku ile? Akatutazama, akasema, "Wanangu, nani aliniuliza?"

Neno lile tumelibeba tangu siku hiyo, na ndilo lililotuleta mbele yenu.

Sasa tuseme kwa uangalifu. Hatusemi kwamba binti yule aliuawa. Hatujui, na huenda tusijue kamwe. Mtu akifa, damu yake huacha kuzunguka, ikashuka upande wa chini wa mwili alivyolazwa, na ngozi ya upande ule ikageuka rangi. Asiyejua huona akadhani ni michubuko ya kipigo. Tena huwa kinyume chake: mtu aweza kuwa amepigwa hata damu ikavuja ndani ya nyama, na ngozi ya juu isionyeshe mengi. Mambo haya mawili hayatenganishwi kwa jicho la karani, wala kwa jicho la mzee mwenye busara, wala kwa uchungu wa mama. Hutenganishwa na daktari mchunguzi wa maiti, anayepasua mahali penye alama ili atazame kama damu imo katika mishipa yake au imemwagika ndani ya nyama. Kazi hiyo ni ya saa chache tu. Sisi hatukuiomba.

Basi hebu tuitazame kazi hiyo, na tutazame jinsi ilivyowahi kufanywa katika nchi hii, maana iko hadithi moja inayotuhusu sisi watu wa Mombasa kuliko tunavyokumbuka.

Wazee wetu mlioona siku za Hali ya Hatari mnaijua Hola. Ni huko juu ya Mto Tana, mahali penye joto kali, ambapo serikali ya kikoloni iliwaweka wafungwa wa Mau Mau waliokataa kukiri kiapo na kukataa kufanya kazi. Wengi wao walikuwa watu wa bara, wa nchi ya baridi na milima, waliozuiliwa bila kuhukumiwa, mbali na wake zao na mashamba yao. Hola palikuwa ugenini kwao, ingawa ni Kenya. Aliyefungiwa mahali ambapo ndugu zake hawawezi kufika yuko ng'ambo, hata kama hajavuka bahari.

Tarehe 3 Machi, 1959, wafungwa wapatao 85 walitolewa kwenda kufanya kazi kwa nguvu katika shamba la kumwagilia maji, kwa mpango uliokuwa umetungwa na afisa mmoja mkubwa wa magereza, jina lake Cowan. Wakasimamiwa na askari wengi wenye marungu. Siku ile ilipokwisha walikuwa wamekufa watu kumi, na mmoja akafuata baadaye, wakawa kumi na mmoja. Wengine wengi walijeruhiwa vibaya.

Kesho yake serikali ilitoa taarifa. Taarifa ile ilisema kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji katika gari la maji lililotumiwa na wafungwa wote na askari wao. Haya ndiyo maneno yaliyotolewa kwa dunia. Mtu asiyejua lolote akiyasoma angefikiri maji yalikuwa mabaya, au kwamba watu wenye kiu chini ya jua kali walikunywa kupita kiasi. Hakuna neno moja juu ya marungu. Ilikuwa karatasi safi, yenye mhuri, kama ile tuliyoipokea sisi uwanja wa ndege.

Lakini mambo mawili yaliharibu karatasi ile. La kwanza, maiti hawakuzikwa pamoja na habari zao. Madaktari waliwapasua na kuwachunguza. La pili, sheria ya nchi ilidai kwamba kifo cha namna ile kichunguzwe na hakimu. Hakimu aliyeifanya kazi hiyo alikuwa wa mji huu wetu: Bwana W. H. Goudie, Hakimu Mkazi Mkuu wa Mombasa.

Huenda baadhi yenu mkauliza, hakimu wa kuchunguza vifo ni nani? Yeye hahukumu mtu. Hakuna mshitakiwa mbele yake, wala hamfungi mtu. Swali lake ni jingine: huyu aliyelala hapa ni nani, alikufa lini, wapi, na kwa sababu gani? Huwaita mashahidi wakaapa. Humwita daktari, ambaye hutoa maoni yake kama mtaalamu, yaani huruhusiwa kusema sio tu alichokiona bali pia maana ya alichokiona. Shahidi wa kawaida husema, "Niliona rungu likipanda na kushuka." Daktari husema, "Nimeona damu iliyomwagika ndani ya misuli mahali pengi, nayo kwa maoni yangu ilitokana na mapigo, na mapigo hayo yatosha kumwua mtu." Kila mmoja ana kazi yake, na hakimu huwapima wote.

Mbele ya Bwana Goudie walipita askari, maofisa na wafungwa waliosalia. Wengi wa askari walisema maneno yanayopingana. Wengine hawakuona kitu. Wengine waliona wenzao wakipiga, lakini wao wenyewe hawakupiga. Mashahidi wenye midomo walipotatizana, wale kumi na mmoja wasio na midomo walisema neno moja. Tarehe 6 Mei, 1959, hakimu alitoa uamuzi wake: katika kila kifo, sababu ilikuwa ni mshtuko wa mwili na kuvuja damu kwa ajili ya michubuko mingi iliyosababishwa na kupigwa. Tena alisema kwamba hapakuwapo jaribio la maana la wafungwa kuungana ili kuwashambulia askari.

Hapo habari ya maji ikafa. Haikuuawa na mkutano wa hadhara, wala na bunduki. Iliuawa na kisu kidogo cha daktari na kalamu ya hakimu wa Mombasa.

Twawaomba msikilize na upande wa pili wa hadithi hii, kwa sababu hatutaki kuwapa tumaini lisilo na kipimo. Hakimu alijua watu wale walikufa kwa nini. Hakuweza kujua kwa yakini ni pigo gani lilitoka mkono gani. Daktari hulitazama jeraha akasema, hili ni la rungu. Hawezi kulitazama akakutajia jina la mwenye rungu. Kwa sababu hiyo hakuna hata mtu mmoja aliyeshitakiwa kwa mauaji ya Hola. Wajane wa watu wale hawakupata kuona haki ikitendwa mahakamani. Hilo ni chungu, na asiyelisema anadanganya.

Je, kazi ile ilikuwa bure? Hata kidogo. Maneno ya hakimu yalivuka bahari. Usiku wa tarehe 27 Julai, 1959, Bunge la Uingereza lilijadili Hola, na wajumbe wa vyama viwili vilivyopingana, Bibi Barbara Castle upande mmoja na Bwana Enoch Powell upande mwingine, walisimama kuilaumu serikali. Bwana Powell, ambaye hakuwa rafiki wa Mwafrika katika mambo mengi, alishikilia kwamba haiwezekani kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani na kingine cha chini kwa ajili ya Afrika. Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960. Walio na elimu ya historia huihesabu Hola kuwa miongoni mwa mambo yaliyowafanya Waingereza waone kwamba utawala wao hapa hauwezi kuendelea vile ulivyokuwa.

Tena, miaka mingi baadaye, jambo lile lilizaa tunda jingine. Mmoja wa waliopigwa siku ile, Mzee Wambugu wa Nyingi, alizimia akadhaniwa amekufa, akalazwa pamoja na maiti. Aliamka. Akaishi hata akawa mzee, na mwaka 2012 alitoa ushahidi katika Mahakama Kuu ya London, pamoja na wenzake, juu ya mambo waliyotendewa. Tarehe 6 Juni, 2013, Serikali ya Uingereza ilitangaza masikitiko yake na malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Miaka 54 ilipita tangu Hola. Lakini wale wazee walipokwenda London hawakwenda mikono mitupu: juu ya Hola palikuwapo uamuzi ulioandikwa, na hakuna aliyeweza kusimama tena akasema habari ya maji.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya uchunguzi, Bwana Mwenyekiti. Huenda usilete haki leo, lakini huuzuia uongo usikae katika kiti cha kweli. Kweli iliyoandikwa hungoja, na aliyeachiwa kweli ana kitu cha kushika. Mama yule wa Mji wa Kale hana cha kushika.

Msije mkafikiri kwamba haya ni mambo ya wakoloni tu, yaliyokwisha pamoja na bendera yao. Tuvuke kivuko cha Likoni, twende mpaka Diani. Mwezi wa Mei 2012, kijana Mwingereza wa miaka 28, Alexander Monson, alikamatwa na polisi huko, na tarehe 19 mwezi huo akafa hospitalini. Yeye naye alikuwa mgeni, amefia mbali na nchi ya baba yake. Polisi walisema alizidiwa na madawa ya kulevya. Tena ni karatasi safi. Lakini jamaa zake waliomba maiti achunguzwe vizuri. Vipimo havikuonyesha madawa hayo mwilini, na madaktari waliona kwamba aliuawa na jeraha la kichwani lililotokana na kugongwa kwa nguvu.

Uchunguzi wa kifo chake ulifanywa na mahakama ya hapa hapa Mombasa. Ulichukua muda mrefu. Mwaka 2018 hakimu aliamua kwamba polisi wanne washitakiwe, na mwezi wa Novemba 2021 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwaona wote wanne na hatia ya kuua bila kukusudia. Ni miaka tisa na nusu. Mtaniambia, yule alikuwa mtoto wa lodi, na baba yake ana sauti. Ni kweli. Hatutaficha kwamba mwenye sauti husikiwa mapema. Lakini tazameni kile ambacho sauti ile ilikiomba: iliomba daktari na hakimu. Daktari na hakimu ni mali ya sheria, na sheria haikuandika kwamba ni ya watoto wa malodi peke yao. Na chama ni kitu gani, kama si sauti za watu wadogo zilizowekwa pamoja ziwe moja kubwa?

Iko habari ya tatu, nayo inafanana na yetu zaidi kwa sababu ni ya Arabuni. Mwezi wa Mei 1979, muuguzi mmoja Mwingereza, Helen Smith, alikutwa amekufa katika mji wa Jeddah. Ikasemwa ameanguka kutoka roshani usiku wa karamu. Baba yake, Bwana Ron Smith, aliyewahi kuwa polisi, hakuridhika. Maiti alipofika Uingereza, yule mzee alikataa kumzika. Akadai uchunguzi, hakimu wa vifo wa mahali pale akasema haimhusu, maana kifo kilitokea nchi nyingine. Mzee akapanda mahakama ya juu, na mwaka 1982 ikaamuliwa kwamba maiti akiisha kuletwa nyumbani, hakimu wa nyumbani ana wajibu wa kuchunguza, hata kama kifo kilitokea ng'ambo ya bahari. Mwaka huo huo uchunguzi ulifanywa mjini Leeds. Waamuzi walisikiliza madaktari wenye maoni mbalimbali, wakaacha swali wazi. Hawakusema ni ajali wala hawakusema ni mauaji.

Mzee yule aliendelea kukataa, na maiti wa binti yake alikaa bila kuzikwa mpaka mwaka 2009, miaka thelathini. Sisi hatuwashauri mfanye hivyo. Maiti ana haki ya kupumzika, na walio hai vilevile. Lakini tunda la ukaidi wake lilikuwa kubwa: wafiwa wengi wa nchi ile, ambao hawakumjua wala hawatamjua, wamepata uchunguzi kwa sababu yeye aliuliza.

Turudi kwetu. Mwezi wa Novemba 2021, Katibu wa Wizara ya Mambo ya Nje aliieleza kamati ya Bunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa huko Saudia, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani, na kwamba sababu iliyotajwa mara nyingi ni kusimama kwa moyo. Ndugu zangu, moyo wa kila anayekufa husimama. Anayepigwa, moyo husimama. Anayezama, moyo husimama. Mzee wa miaka tisini aliyelala kitandani mwake akimtaja Mola, moyo husimama. Kusema moyo ulisimama ni kusema kwamba amekufa, na hilo tulikwisha kulijua tulipoona jeneza. Swali ni nini kilichousimamisha, hasa ukiwa ni moyo wa kijana aliyepimwa na daktari kabla ya kusafiri akaonekana mzima.

Sasa twafikia mahali pagumu, nasi twaingia kwa adabu, maana sisi tulilelewa katika shule ya misheni, na wengi wenu ni Waislamu wa mji huu tangu mababu. Tunajua kwamba katika dini yenu kumharakisha maiti kaburini ni jambo la heshima, na kwamba kuukata mwili wa marehemu huonwa kuwa ni kumdhili. Hata sisi Wakristo hatupendi kisu kimguse tuliyempenda. Si kazi ya karani kutoa fatwa. Twajua tu kwamba wako wanavyuoni, katika nchi mbalimbali za Kiislamu, walioruhusu uchunguzi pale ambapo haki ya mtu yaweza kupotea bila huo. Twaiomba Kamati iwaendee Kadhi na masheikhe wetu, iwaulize kabla ya msiba, katika wakati wa utulivu, ili siku ya jeneza tusianze kubishana mbele ya mama anayelia. Tena si kila uchunguzi ni wa kupasua. Daktari aweza kumtazama maiti kwa nje, akampiga picha za eksirei, akaandika alichoona. Hata hilo peke yake ni zaidi ya tulivyofanya sisi.

Iko hofu nyingine, nayo ni ya aibu. Watu husema, tukiuliza sana, majirani watadhani binti alikuwa na mambo. Kwa hofu hiyo twamfunika marehemu haraka, kana kwamba kosa ni lake. Twawauliza wazee: ni lini aliyedhulumiwa akawa ndiye mwenye aibu?

Na sheria inasemaje? Sheria ya Utaratibu wa Mashitaka ya Jinai, ambayo ni Sura ya 75 ya Sheria za Kenya, katika vifungu vya 385 mpaka 388, inamwamuru mkuu wa kituo cha polisi akipata habari ya kifo chenye shaka achunguze na kumpelekea hakimu taarifa. Inampa hakimu uwezo wa kufanya uchunguzi, na hata kuamuru maiti aliyekwisha zikwa afukuliwe. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria nyingine ya kuunda Huduma ya Taifa ya Wachunguzi wa Vifo. Lakini zote hizo zahitaji kitu kimoja: mtu wa kuanza kuuliza. Polisi hatakwenda Kikowani kutafuta kazi.

Basi, Bwana Mwenyekiti, Kamati imetuagiza tuyaweke mbele ya mkutano huu mapendekezo yafuatayo, ili yapigiwe kura.

La kwanza: maiti wa mwanachama au wa jamaa ya mwanachama akifika kutoka ng'ambo, chama kisimpeleke moja kwa moja makaburini. Wajumbe wawili wa Kamati, pamoja na mtu mmoja wa jamaa, wasome karatasi zote kabla ya kutia sahihi. Watazame nani alitia sahihi kwamba amekufa, na kwa sababu gani. Na kama sababu ni moyo kusimama bila neno jingine, wajue kwamba hawajaambiwa kitu.

La pili: wanaoosha maiti, wanaume kwa wanawake, waulizwe kwa heshima kabla ya mazishi kama wameona jambo lisilo la kawaida. Mwosha ndiye wa mwisho kuuona mwili, na huenda akawa wa kwanza kuuona kwa macho ya upendo. Wahenga walisema mwosha huoshwa; atakayenyamaza leo juu ya mwenzake, nani atasema juu yake kesho?

La tatu: pakiwa na shaka, jamaa wakikubali, chama kiandike taarifa kituo cha polisi siku ile ile, na kiombe daktari wa serikali amchunguze maiti kabla hajazikwa. Tukumbuke kwamba maiti anayesafirishwa hutiwa dawa ili asiharibike, na dawa hizo huharibu vipimo vya sumu. Kwa hiyo ni vizuri zaidi, habari ya kifo ikifika mapema, chama kiuandikie ubalozi wetu kuomba uchunguzi ufanywe kule kule, kabla ya kutiwa dawa, na ripoti kamili iletwe pamoja na jeneza.

La nne: itengwe sehemu ya mfuko wa misiba kwa ajili ya gharama hizo. Kamati itawaletea kiasi chake. Tunajua mfuko ni mdogo. Lakini kama tunaweza kununua sanda, tunaweza kununua swali.

La tano: daftari la wanachama liandikwe upya, na kila mwenye mtoto ng'ambo aandikishe jina la mwajiri, mji, na namba ya simu. Hakuna awezaye kumtafuta mtu asiyejua alipokuwa.

Bwana Mwenyekiti, tumekaribia mwisho. Atokaye Ngome akishika barabara ya Nkrumah huliona jumba la mahakama ya kale, lililojengwa mwaka 1902. Kesi zilikwisha hamishwa kutoka mle, na siku hizi watu huingia kutazama picha na vitu vya kale. Ngome yenyewe ilikuwa gereza mpaka mwaka 1958, mwaka mmoja kabla ya Hola. Leo watoto wa shule huingia kwa furaha. Majumba hubadilika. Tulipokuwa tukiiandika hotuba hii tulipita hapo mara nyingi, tukawaza kwamba katika mji huu mdogo, kisiwani humu, hakimu mmoja aliandika mistari michache juu ya watu kumi na mmoja ambao hakuwa na undugu nao, na mistari ile haijafutika.

Hatukumfanyia hivyo binti wa mwenzetu. Hilo ni kosa la Kamati, na karani ndiye aliyeshika kalamu. Twaomba liandikwe hivyo katika kumbukumbu za mkutano huu, chini ya yale maneno ya kujisifu. Mama yake tumemwendea, tumemwomba radhi. Alitujibu kwamba hataki kaburi lifukuliwe, nasi tumeliheshimu neno lake. Aliomba jambo moja tu, kwamba likija jeneza jingine, tuulize. Tulimwahidi kwamba tutaufikisha ujumbe wake kwenu, na sasa umefika.

Mungu awarehemu wote waliotutoka mwaka huu, wa karibu na wa mbali.